Katika Njia za Wahubiri wa Farasi: Kutoka Baltimore hadi Kentucky

Nimeyaandika haya baada ya kurejea Mombasa, nikiyakusanya kutoka katika daftari langu na picha za simu. Kwa miaka mingi nimekuwa mhubiri mlei wa Kanisa la Methodist, mmoja wa wale wanaopangiwa zamu katika ratiba ya mzunguko na kufika kila Jumapili kwenye kanisa ambalo mchungaji wake hulala kijiji kingine. Utaratibu huo ulifika kwetu na wamisionari wa Kiingereza waliofungua kituo cha Ribe mwaka 1862. Mimi nilitaka kuiona Marekani, nchi ambamo, miaka mingi kabla ya Ribe, wahubiri wa farasi, yaani waliozunguka wakiwa wamepanda farasi, waliueneza katika misitu na milima isiyokuwa na barabara. Shemeji yangu anayeishi Maryland alikubali kuchukua likizo na kushika usukani.

Jumatatu, 2 Oktoba 2023: Baltimore

Tulianzia makaburini. Mount Olivet ni makaburi ya zamani kwenye barabara ya Frederick Avenue, na ndani yake kuna kiwanja cha maaskofu alikozikwa Francis Asbury. Alizaliwa karibu na Birmingham, Uingereza, mwaka 1745, akatumwa Marekani na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mwaka 1771, na hakurudi kwao tena. Hakuoa wala hakumiliki nyumba. Wanahistoria hukadiria kwamba alisafiri zaidi ya maili 250,000, sehemu kubwa akiwa juu ya farasi. Mwaka 1773 mkutano wa kwanza wa wahubiri ulihesabu waumini 1,160 nchi nzima. Alipokufa mwaka 1816 walikuwa wamepita 200,000. Karibu naye amelala Robert Strawbridge, mkulima kutoka Ireland aliyehubiri Maryland kabla hata Asbury hajapanda meli.

Mchana tulikwenda Lovely Lane, kanisa la mawe lenye mnara mkubwa kwenye mtaa wa St. Paul. Jengo hili ni la miaka ya 1880. Kanisa dogo la awali, ambamo wahubiri wapatao 60 walikutana Krismasi ya 1784 na kuunda Kanisa la Methodist Episcopal, lilikuwa katikati ya mji na halipo tena. Katika mkutano ule Asbury alifanywa shemasi siku moja, kasisi siku iliyofuata, na msimamizi, cheo kilichokuja kuitwa askofu, siku ya tatu. Alikuwa amekataa kupokea cheo hicho kwa amri ya Wesley peke yake na akataka wahubiri wenzake wampigie kura, jambo ambalo nadhani liliamua tabia ya kanisa lote lililofuata. Mkutano huohuo uliwaagiza Wamethodisti kuwaacha huru watumwa wao, lakini haukupita hata mwaka kabla agizo hilo halijasimamishwa. Niliandika mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa kuwa yalitoka katika chumba kimoja.

Kwa atakayekuja baadaye: makumbusho ya Lovely Lane hayafunguliwi kila siku, hivyo piga simu mapema. Gari tulilikodi hapa Baltimore kwa makubaliano ya kulirudisha Nashville, na ada ya kulirudisha katika mji mwingine ilikuwa karibu dola 200 juu ya kodi ya kawaida. Ukiwa na muda wa kurudi ulikotoka, utaokoa fedha hizo.

Jumanne, 3 Oktoba: Frederica, Delaware

Tulivuka ghuba ya Chesapeake kwa daraja refu la maili nne na ushei. Ushuru wa daraja hutozwa kwa wanaoelekea mashariki tu, na fedha taslimu hazipokelewi. Kamera husoma namba ya gari na bili humfuata aliyekodi.

Kanisa la Barratt ni jengo la matofali lililojengwa mwaka 1780 pembezoni mwa barabara kuu, kusini ya Dover. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Wesley alikuwa ameandika dhidi ya waasi, na wahubiri wote wa Kiingereza walirudi kwao isipokuwa Asbury, aliyejificha hapa Delaware nyumbani kwa hakimu Thomas White. Amani iliporudi Wesley alimtuma Dakta Thomas Coke, na tarehe 14 Novemba 1784 Coke alikuwa akihubiri katika kanisa hili. Alipomaliza, mtu mwenye mavazi ya kawaida alimwendea akamkumbatia na kumbusu, naye akatambua kwamba huyo ndiye Asbury. Mahali waliposalimiana pamewekwa nyota sakafuni. Shemeji alisimama kando ya nyota hiyo kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akimpokea mchungaji mlangoni wakati wa robo, yaani mkutano wa kila miezi mitatu. Nilimjibu kwamba ninakumbuka.

Kilichonigusa zaidi hapa ni habari za Harry Hosier. Alikuwa Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, hakujua kusoma, na aliyahifadhi Maandiko na tenzi kwa kusikia tu. Asbury alimpa Coke mtu huyu kama mwenzake wa njiani katika ziara ndefu ya kuyafahamu makanisa kabla ya Krismasi. Waliokuja kumsikiliza Coke, msomi wa Oxford, mara nyingi walibaki kumsikiliza Hosier, na wapo waliompenda kuliko Coke. Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru, alimsifu kuwa mhubiri mkuu. Jimbo hili la Delaware ndiko Richard Allen alikoongoka na kujinunua kutoka utumwani, kabla ya kuanzisha kanisa la Bethel huko Philadelphia mwaka 1794 na kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la AME (African Methodist Episcopal) mwaka 1816. Naona masimulizi mengi ya wahubiri wa farasi huwataja watu hawa wawili mwishoni, kama nyongeza, ilhali walikuwepo tangu mwanzo na walibeba mzigo uleule kwa hatari kubwa zaidi.

Chakula cha mchana kilikuwa mikate ya kaa, dola 19 kwa sahani, nayo ilistahili bei yake.

Jumatano, 4 Oktoba: barabara ya I-81

Tuliendesha siku nzima kuelekea kusini kupitia bonde la Shenandoah. Ajali ya lori karibu na Roanoke ilituchelewesha kwa saa mbili na zaidi, tukafika Chilhowie usiku na kulala katika moteli ya dola 82. Petroli ilikuwa kama dola tatu na nusu kwa galoni.

Alhamisi, 5 Oktoba: Saltville, Virginia

Kutoka Chilhowie barabara inapinda juu ya kilima hadi kwenye bonde la chumvi lililoupa mji jina lake. Hapa aliishi Elizabeth Russell, dada wa Patrick Henry yule msemaji maarufu wa mapinduzi. Mwaka 1788 Asbury alivuka milima kuja kufanya mkutano wa kwanza wa wahubiri katika bonde la Holston, na katika siku hizo Bi Russell na mumewe, Jenerali William Russell, waliongoka. Baada ya kufiwa na mume aliwaacha huru watumwa wake, na kwa miaka iliyobaki nyumba yake ilikuwa mahali ambapo mhubiri yeyote aliyetoka milimani angepata kitanda, uji wa moto na kusanyiko lililokwisha kuitwa.

Kanisa la mawe lenye jina lake tulilikuta limefungwa. Tulipokuwa tukipiga picha nyumba ya magogo iliyojengwa upya pembeni, mama mmoja mzee alisimamisha gari, akatuuliza tumetoka wapi, na aliposikia neno Kenya alitwambia tusiondoke. Baada ya nusu saa alirudi na ufunguo pamoja na chombo cha maharagwe na mkate wa mahindi. Alituketisha kwenye benchi la mbele, akatufungulia madirisha, na akataka kujua kama kwetu bado kuna viongozi wa madarasa, vile vikundi vidogo vya waumini. Nilimweleza kwamba wapo, kwamba huwatembelea wagonjwa na kuandika majina ya waliokosa kufika. Alisema hapo kwao madarasa yalikwisha zamani, na kwamba anaona ndipo kanisa lilipoanza kupungua. Tulisali pamoja kabla ya kuagana.

Mazungumzo hayo yalinifikisha kwenye jambo nililokuwa nikilitafakari tangu Baltimore. Mzunguko wa mhubiri mmoja huku milimani ungeweza kuwa na vituo 20 au zaidi, na kuuzunguka wote kulimchukua wiki nne hadi sita. Alihubiri karibu kila siku, katika jiko la mtu, katika ghala, chini ya mti, kisha akaondoka. Katika wiki ambazo hakuwepo, waumini walilindwa na darasa: watu kumi na wawili au zaidi kidogo, chini ya kiongozi aliyekuwa mkulima au fundi kama wao, wakiulizana hali ya roho zao. Mhubiri aliporudi alikuta orodha. Alijua nani ameanguka, nani amehama, nani amezaa. Mshahara wake ulikuwa dola 64 kwa mwaka, ukapandishwa hadi 80 mwaka 1800, na mara nyingi hata hizo hazikutimia. Wengi wao walikufa wakiwa bado vijana, kwa homa na kwa mito iliyofurika. Asbury mwenyewe aliandika mwaka 1803 kwamba amepata upele kutokana na vitanda vichafu vya milimani, na kwamba hakuona kinga isipokuwa kulala na shati lililopakwa salfa.

Ijumaa, 6 Oktoba: Cumberland Gap

Kutoka Abingdon tulifuata barabara namba 58 kuelekea magharibi, njia ya kupinda yenye mandhari nzuri na vituo vichache vya petroli, kwa hiyo jaza tangi kabla ya kuondoka. Hifadhi ya Cumberland Gap haina kiingilio.

Pengo lenyewe ni mahali ambapo ukuta wa milima umeshuka kiasi cha kupitisha mtu na mnyama. Walowezi wapatao 200,000 au zaidi walipita hapa kuingia Kentucky katika miongo iliyofuata safari ya mpasua njia Daniel Boone ya 1775. Tangu mwaka 1996 magari hupita chini ya mlima kwa handaki, na lami ya zamani iling'olewa ili njia irudi kuwa ya udongo, upana wa gari la farasi. Tuliitembea kwa miguu kutoka upande wa Virginia. Ukungu ulikuwa mzito, mawe yalikuwa na utelezi, na kwa sehemu ndefu hatukuona zaidi ya hatua kumi mbele yetu.

Asbury aliingia Kentucky mara ya kwanza mwaka 1790, akisindikizwa na wanaume wenye bunduki, kwa kuwa nchi ilikuwa vitani kati ya walowezi na mataifa ya wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa ardhi. Njiani aliona makaburi ya watu 24 waliouawa katika kambi moja. Ninaposoma habari za uamsho wa nyikani najaribu kutosahau kwamba nyika hiyo ilikuwa makwao Wacherokee na Washawnee, na kwamba injili ilisafiri katika njia ileile iliyopitiwa na upanuzi huo. Mhubiri wa farasi hakuanzisha vita, lakini alikuja nyuma tu ya shoka la mlowezi, mara nyingine kabla vumbi la mbao halijatulia.

Jumamosi, 7 Oktoba: Cane Ridge

Baridi ilikuwa imeshuka usiku. Kutoka Lexington hadi Paris ni maili 18 hivi, kisha barabara nyembamba kati ya mashamba ya farasi hadi Cane Ridge. Eneo la makumbusho hufunguliwa Aprili hadi Oktoba tu.

Ukiwa nje unaona jengo kubwa la mawe ya chokaa, lililokamilika mwaka 1957. Ukiingia unakuta ndani yake nyumba nzima ya magogo ya mwaka 1791, iliyofunikwa ili mvua isiiozeshe. Niliweka kiganja juu ya gogo la pembeni mwa mlango. Alama za shoka zinasikika bado chini ya vidole, makovu mafupi ya mshazari yanayofuatana, na ncha za magogo zimekatwa zikaumana bila msumari. Juu kuna roshani walikokalishwa watumwa. Iliondolewa mwaka 1829 ikatumika zizini, na ilirudishwa wakati wa ukarabati. Mzee wa kujitolea aliyetupokea alituambia mambo hayo bila kuyalainisha, kisha akatuacha tukae peke yetu kwa muda tuliotaka.

Mwezi Agosti 1801 Barton Stone, mchungaji wa Kipresbiteri, aliitisha hapa ibada ya Meza ya Bwana ya siku kadhaa. Makadirio ya waliofika ni kati ya 10,000 na 25,000, wakati Lexington, mji mkubwa kuliko yote Kentucky, haukuwa na watu hata 2,000. Walikuja na magari ya kukokotwa, matandiko na vyakula, wakalala uwanjani. Wahubiri kadhaa walihubiri kwa wakati mmoja. Watu walianguka chini wakalala kama wafu kwa saa nyingi. Wengine walitikisika mwili mzima, wengine walilia, wengine waliimba. William Burke, mhubiri wa mzunguko wa Kimethodisti, hakukaribishwa kwenye jukwaa la wenyeji wake Wapresbiteri. Jumapili asubuhi alipanda juu ya shina la mti ulioanguka, mtu mmoja akamshikia mwavuli uliofungwa kwenye mti mrefu ili kumkinga na jua, akaanza kuimba, na maelfu wakamzunguka.

Waliokulia katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kutupa wimbo wa Tukutendereza, hawatashangazwa na machozi wala maungamo ya Cane Ridge. Wanajua pia kitu kingine: Uamsho wetu ulidumu kwa sababu ndugu walikutana kila wiki katika ushirika na kuwekana nuruni. Huku Kentucky, baada ya umati kutawanyika, Wapresbiteri walibaki wakidai mchungaji awe amesoma chuoni, na wachungaji wa namna hiyo walikuwa wachache. Ugomvi ukazuka, Stone na wenzake walijitenga na sinodi, baraza la kanisa lao, mwaka 1803, na mwaka 1810 Wapresbiteri wa Cumberland nao wakaenda zao. Wamethodisti walimpa kijana aliyeongoka farasi, Biblia, kitabu cha tenzi na kitabu cha kanuni, wakamtuma. Mtu aliyeanguka Cane Ridge Agosti angeweza kubishiwa hodi na mhubiri huyo Septemba, na tena Oktoba. Ninaamini kwamba kanisa lilijengwa na hodi hiyo kuliko na siku zile za umati, na nimeliamini zaidi baada ya kusimama pale.

Jumapili, 8 Oktoba: Lexington na Wilmore

Jioni iliyotangulia, tukitafuta chakula, tuliona duka lenye maandishi ya Kiswahili. Lexington ina Wakongomani wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili husikika katika shule na maduka yake. Mwenye duka alitusalimu, "Jambo sana, baba. Munatoka wapi?" na tulipomjibu alifunga mashine ya hesabu, akaingia nyuma, akarudi na sombe, fufu na samaki. Alikataa fedha. Asubuhi alitupitia moteli na kutupeleka katika ibada yao, inayofanyika alasiri kwa kawaida lakini siku hiyo ilitangulizwa, katika jengo wanaloazimwa na kanisa la Wamarekani. Niliombwa kutoa neno. Nilisoma Matendo 15:36, Paulo anapomwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji. Baada ya ibada mama mmoja alinieleza kwamba wazee wao hugawana majina ya familia na kuzitembelea kwa zamu, nyingine katika miji ya mbali, kila mwezi.

Mchana tulifika Wilmore, ambako chuo chenye jina la Asbury kilianzishwa mwaka 1890. Katika ukumbi wa Hughes, Februari 2023, ibada ya kawaida ya wanafunzi ilikataa kwisha na ikaendelea kwa zaidi ya wiki mbili, ikivuta makumi ya maelfu ya wageni. Tuliketi kwenye viti vya mbao chini ya maandishi yanayosema Utakatifu kwa Bwana. Mwanafunzi aliyetufungulia alisema wengi humwuliza ilikuwaje usiku ule, na kwamba angependa waulize vikundi vya maombi vinaendeleaje sasa. Nilimwuliza, naye alituketisha akatueleza kwa karibu saa nzima.

Njiani kurudi tulipita Masterson Station, sasa bustani ya umma magharibi mwa Lexington, ambako Asbury aliongoza mkutano wa kwanza wa Kentucky mwaka 1790. Watoto walikuwa wakicheza mpira.

Jumatatu, 9 Oktoba: Logan County, kisha Nashville

Saa tatu na ushei za barabara zilitufikisha Red River, karibu na Adairville. Nyumba ya ibada iliyopo ni ya magogo, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ya awali, na makaburi ya kale yako jirani. Hapa, Juni 1800, mwaka mmoja kabla ya Cane Ridge, mchungaji wa Kipresbiteri James McGready alikuwa akiongoza Meza ya Bwana pamoja na ndugu wawili wa familia moja: William McGee, Mpresbiteri, na John McGee, Mmethodisti. Siku ya mwisho John alisimama kutoa wito. Mtu akamnong'oneza kwamba watu wa kanisa hili hupenda utaratibu na hawatavumilia kelele. Alisita, akageuka nusu kurudi, kisha akaendelea kupita kati ya mabenchi akiwasihi watu kwa nguvu zake zote. Mwezi uliofuata, huko Gasper River, watu walikuja wakiwa wamejiandaa kulala uwanjani, na makambi yakazaliwa.

Katika wilaya hii alikulia Peter Cartwright, aliyeongoka akiwa na miaka 15 mwaka 1801 na kuhubiri juu ya farasi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1824 alihamia Illinois kwa sababu hakutaka kuwalea watoto wake katika nchi ya utumwa, na mwaka 1846 aligombea ubunge akashindwa na Abraham Lincoln. Wamethodisti waliobaki kusini hawakuhama wala hawakubadilika, na mwaka 1844 kanisa lote liligawanyika kwa ajili ya askofu mmoja aliyekuwa na watumwa. Agizo lililosimamishwa baada ya Baltimore liliwarudia baada ya miaka 60.

Nashville ni chini ya saa moja na nusu kutoka hapo. Kwa watu wawili, gari, petroli, moteli na chakula vilitugharimu dola 1,640, bila nauli za ndege. Atakayekuwa na siku chache achague Saltville, Cumberland Gap na Cane Ridge, alale Lexington, na asipange ratiba ya Jumapili kabla ya kuwauliza Wakongomani wa mji huo ibada yao ni saa ngapi.